Kompyuta Nzima Kuhesabiwa Mbovu



Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya mfumo wa Windows 10. Windows 11 hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Programu nazo hufuata: Chrome iliiacha Windows 7 mwaka 2023. Hivyo mashine inayochapa barua na kutunza alama za wanafunzi barabara huhesabiwa mbovu kwa amri ya mtengenezaji.

Hatupingi usalama. Lakini anayenunua bila kuuliza mfumo utahudumiwa hadi mwaka gani amemwachia muuzaji ufunguo wa nyumba yake. Tuulize kabla ya kutia sahihi. Aidha, Linux haina ada, na mashine nyingi za namna hiyo huimudu, tujifunze kuitumia.