Chumba cha Watoto: Tulivyopunguza Vitu



Tulipofungua chumba cha watoto, tulikijaza kila tulichopewa: magari mabovu, wanasesere wasio na mikono, na gunia zima la vizibo vya soda. Watoto walimwaga, wakagombana, wakatoka zao nje. Halafu mtoto wa miaka 2 akapaliwa na kizibo. Mama aliyekuwa karibu alimwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja mara 5, kikatoka. Jamani, tulitetemeka.

Jioni hiyo tulitoa karibu vyote. Leo kuna mkeka, rafu fupi ya mbao, na vitu vichache tu: vibao vya kujengea vilivyopigwa msasa, mwanasesere wa kitambaa, mpira wa makaratasi, vibuyu 2 vya kumiminia maji. Vingine viko sandukuni, tunabadilisha kila Jumatatu. Daktari Maria Montessori, aliyefungua nyumba ya watoto kule Roma mwaka 1907, alitaka hivyo hivyo: mtoto afikie kitu mwenyewe, akirudishe mwenyewe. Sisi hatukuamini, lakini wanarudisha!

Kitu kisichozidi ukubwa wa kizibo hakiingii tena, kwa maana walio chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni. Na mkebe wa dawa ya kupulizia mboga, hata uoshwe vipi, si wa kuchezea.

Njoni mwone. Mwenye ubao asiouhitaji aje nao, rafu ya pili bado.