Kuomba Kazi Baada ya Kutiwa Hatiani

Hotuba ya Afisa Ustawi wa Jamii katika mkutano wa wananchi wa kata



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo huletwa ofisini kwangu kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: mtu aliyewahi kutiwa hatiani aombeje kazi?

Nianze na jambo linalowapotosha wengi. Kukaa mahabusu si kutiwa hatiani. Kijana mmoja alikaa rumande miezi 14, kisha mahakama ikamwachia huru. Baadaye fomu ya kazi ya ulinzi ilimuuliza kama amewahi kupatikana na hatia, naye akaandika "ndiyo", kwa kuwa majirani humwita mfungwa. Kazi akaikosa kwa hatia asiyokuwa nayo. Kwa upande mwingine, yuko anayedhani kwamba kwa kuwa alilipa faini akarudi nyumbani siku ileile, hana rekodi. Anayo. Faini ni adhabu, na adhabu hutanguliwa na kutiwa hatiani. Basi, kabla ya kujaza fomu, nendeni mahakama iliyosikiliza shauri mkaombe nakala ya hukumu. Isomeni, au msomewe.

Fomu ikiuliza, jibuni kweli. Wako waajiri wanaotaka cheti cha polisi, nacho hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Kubadili jina hakubadili vidole. Isipouliza, barua ya maombi haina haja ya kuanza na kifungo. Ianze na kazi mnayoiweza. Katika usaili, sentensi tatu zatosha: kosa lilikuwa nini, adhabu iliisha lini, na tangu hapo mmefanya nini. Nimewahi kuketi upande wa wanaouliza. Anayejieleza nusu saa hutia shaka kuliko anayejieleza dakika moja.

Magereza yetu hufundisha useremala, ushonaji na kilimo. Pale Karanga, Moshi, hutengenezwa viatu. Mwenye ujuzi asiye na cheti aulizie VETA habari za urasimishaji ujuzi.

Asiyeajiriwa naye hakuachwa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini mikopo hiyo hupitia vikundi, na hapa ndipo ninapowageukia ninyi ambao hamjawahi kusimama kizimbani, maana vikundi ni vyenu. Sisemi kwamba aliyeiba fedha za chama akabidhiwe tena sanduku. Nasema aruhusiwe kufuga kuku pamoja nanyi, na sanduku alishike mwingine.

Nawageukia pia wanaoandika barua za utambulisho. Mama mmoja aliyemaliza kifungo chake aliomba kazi ya kupika. Barua yake ilithibitisha makazi yake, na chini yake, kwa wino mwekundu, pakaongezwa: "Aliwahi kufungwa." Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mama yule hakuipeleka barua ile kokote. Aliikunja akaniletea mimi, na ninayo hadi leo.

Mwenye hukumu asiyoielewa aje nayo ofisini. Tutaisoma pamoja, mlango ukiwa umefungwa kama kawaida.