Swala Aliyeelea

Kama una Biblia karibu, fungua kitabu cha Kutoka sura ya 31, wala usiifunge upesi, maana tutaingia pia sura ya 32.

Katika sura ya 31 Mungu anamwita mtu kwa jina lake, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Huyu hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi. Hata hivyo Mungu alimjaza Roho yake ili afue dhahabu, akate vito na kuchonga miti. Sisi tumezoea kumwombea mhubiri kabla hajapanda mimbarani, lakini seremala aliyeitengeneza mimbari hiyo tunamlipa tu, tena mara nyingine tunamchelewesha.

Sasa geuza ukurasa. Dhahabu iko tena na mikono yenye ujuzi iko tena, ila kinachotoka ni ndama. Musa anapomwuliza Haruni, anajibu kwamba aliitupa dhahabu motoni, ndama akatoka. Ametoka mwenyewe! Na mstari wa 4 umekwisha kutueleza kwamba Haruni alishika chombo cha kuchongea. Katika shule ya Jumapili tulimcheka sana Haruni. Mimi niliacha kumcheka mwaka 1979.

Nilikulia Wamunyu, Ukambani. Uchongaji wa kwetu huhesabiwa tangu Mutisya wa Munge, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, akarudi nayo nyumbani. Mjomba wangu alisomesha watoto kwa kazi hiyo, nami nilikuwa mwanafunzi wake. Mpingo ulikuwa ghali kwetu. Basi nikachonga swala kwa jakaranda, nikampaka rangi nyeusi ya viatu, nikamsugua mpaka akang'aa. Mama mmoja wa kanisa akamnunua kwa bei ya mpingo, awe zawadi ya kumuaga mchungaji wao.

Siku chache baadaye mama akarudi na swala, pamoja na kitambaa cheupe cha meza chenye alama nyeusi za kwato nne.

"Mwanangu, huu ni mpingo kweli?"

Kabla sijajibu, mjomba alileta karai la maji. Mpingo ni mzito kuliko maji, huzama kama jiwe. Swala wangu alielea, na maji yakaanza kuwa meusi.

"Nani amefanya hivi?" mjomba akauliza.

"Mjomba, mti wenyewe ulitoka hivyo."

Nilipoyasikia maneno yangu nilimkumbuka Haruni.

Mpenzi msikilizaji, jakaranda haikuwa na kosa. Mungu aliiumba nyeupe, nyepesi, nzuri kwa kazi yake. Mwongo alikuwa mimi. Nawe je, unapaka nini siku hizi? Labda ni ripoti ya mradi wa kanisa. Labda ni wimbo wa mwenzako, uliousimamisha mbele ya washirika ukasema uliupata katika maombi. (Wanakwaya, msinikasirikie.) Roho aliyempa Bezaleli ujuzi ndiye huyo huyo Roho wa kweli, hatupi mikono leo na kesho akatuazima rangi ya viatu.

Mjomba alimrudishia mama fedha zake zote kutoka katika akiba ya karo, kisha akaniambia nichonge swala mwingine, kwa jakaranda ile ile, bila rangi. Nilikaa naye siku tatu. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa makini vile, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kufunika kosa la patasi.

Mama alipokuja alimgeuza juu chini. Tumboni nilikuwa nimeandika kwa penseli: jakaranda. Akasoma, akauliza bei ya jakaranda, akailipa, akamfunga swala katika kitambaa kile kile chenye alama, akaenda zake kupanda basi.