Tumbo la Mutoto na Picha Mbili



Leo, mbele ya kupima watoto kilo, tusemezane juu ya mutoto ambaye tumbo lake linavimba mbio, kwa siku ao majuma machache. Wengi tunasema: "Ni minyoo," ao "Wamemuloga." Siku zinapita tukitafuta majani. Lakini pengine ni uvimbe wa ndani, nao haungoji.

Mwaka 1958 munganga Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto wa Afrika unaovimbisha taya, na mara nyingi tumbo. Leo unaitwa kwa jina lake. Ni kansa, lakini hauambukizi, dawa zake ziko, na mutoto anaweza kupona.

Munganga ataomba ekografi. Usiogope. Ukiita mutu ngambo ya bonde, mulima unakurudishia sauti yako. Mashine hii nayo inatuma sauti tusiyoisikia, ikirudi inakuwa picha. Mutoto anapakwa mafuta ya baridi tu, haumwi. Picha ya kwanza inaonyesha mahali pa uvimbe na ukubwa wake. Kisha kipande kidogo kinatolewa na kupimwa, maana picha peke yake haitaji jina la ugonjwa.

Sasa, mama, sikiliza vizuri. Dawa ikianza, tumbo linaweza kushuka kwa siku chache. Mutoto anacheka, anaomba bugali. Mama anasema: "Amepona, turudi nyumbani." Hapo ndipo hatari! Mukono wako unagusa juu tu. Picha ya pili, ikiwekwa kando ya ile ya kwanza, ndiyo inaonyesha kama uvimbe umeisha, umepungua ao umebaki. Hata picha ikiwa safi, mumalize dawa zote. Mbegu ndogo za ugonjwa hazionekani kwa mashine, na zikiachwa zinaota tena, sawa majani ya shamba lililolimwa nusu.

Basi tushike haya:
1. Tumbo ao taya likivimba, njoo upesi.
2. Picha ya kwanza utunze pamoja na fishi ya mutoto, isilowane na mvua.
3. Usiache dawa kwa sababu tumbo limeshuka.
4. Urudi siku uliyopewa, na karatasi zote mukononi.

Na jirani yako ambaye hakufika leo, umupashe habari hii.