Doa la Rangi Kwenye Picha: Ni Jua au Ni Mahindi?

(Maneno tuliyozungumza na vikundi vya kujisaidia vya Sugoi)

Tunawashukuru kwa kuacha palizi mkaja kutusikiliza. Leo tunataka tuongee juu ya lile doa la rangi linalotokea kwenye picha za simu, kwa sababu sisi wenyewe karibu litutie hasara.

Msimu mmoja mahindi yetu yalikuwa yamefika magotini. Tuliona mengine hayaendelei vizuri, basi jioni tukapiga picha tukielekea jua, tukamtumia afisa wa kilimo. Akaona majani yana zambarau, akatujibu kwamba huenda yanakosa fosforasi. Hakukosea yeye. Mahindi machanga yakikosa fosforasi, majani ya chini hugeuka zambarau kwenye ncha na kando. Tukaanza kuhesabu pesa za kikundi tununue mbolea. Asubuhi tukarudi shambani, na majani ni ya kijani tu! Zambarau ilikuwa ya jua, sio ya mahindi.

Rangi hiyo hutoka wapi? Kamera ya simu ina kioo, na nyuma yake lenzi ndogo kadhaa zimepangwa moja juu ya nyingine. Jua likipiga hapo moja kwa moja, mwanga mwingine haupiti sawasawa, unarukaruka kati ya lenzi. Lenzi hupakwa utando mwembamba wa kupunguza mng'ao, lakini mng'ao unaobaki hutoka na rangi, mara nyingi kijani au zambarau. Mara nyingi doa hukaa upande unaokabiliana na jua kwenye picha. Na kama kioo kina mafuta ya vidole, picha hufifia na kuwa na michirizi.

Sasa tufanye nini?

1. Panguza kioo cha kamera kwa kitambaa laini na safi. Kitambaa chenye mchanga kitakikwaruza.

2. Lipe jua mgongo, lakini angalia kivuli chako kisifunike nusu ya jani.

3. Kama ni lazima uelekee jua, ikinge kamera kwa mkono au kofia, bila kuingia kwenye picha.

4. Kabla ya kubonyeza, sogeza simu kidogo kushoto na kulia. Doa la mwanga litahama juu ya jani. Doa la ugonjwa halihami, linakaa pale pale.

5. Piga picha mbili tatu kutoka pande tofauti. Ukiona doa la mwanga, piga tena.

Vijana watatuambia, "Hiyo doa si tutaitoa tu na programu?" Ni kweli, programu kama Snapseed zinaweza kufuta doa. Kwa picha ya harusi, sawa. Kwa jani lenye shida, hapana. Programu hujaza pale kwa rangi ya jirani, haijui kulikuwa na nini. Unaweza kufuta ugonjwa wenyewe, halafu afisa akakwambia shamba ni zima.

Tena, picha haimalizi kazi. Hata zambarau ya kweli inaweza kuletwa na baridi mahindi yakiwa machanga, na baridi ya huku kwetu mnaijua. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa ya kikundi, nendeni shambani, mshike jani, mligeuze, mtazame na mengine. Kama bado kuna shaka, udongo upimwe.

Mkutano ujao kila kikundi kilete picha mbili za jani lile lile: moja mkielekea jua, nyingine mkilipa jua mgongo. Tutazitazama pamoja, na kila mtu ataona kwa macho yake.