Kabla ya Kuwasha Mashine ya Kurusha Mipira Nyumbani

Maelezo yaliyotolewa kwa wazazi na walezi wa vijana wanaocheza besiboli



Mada ya leo ni ndogo kwa sura lakini nzito kwa matokeo yake: matumizi ya mashine ya kurusha mipira nyumbani, kwa ajili ya vijana wanaojifunza kupiga mpira wa besiboli. Mchezo huu ulikulia Marekani, na huko ndiko mashine hizi zilikoanzia. Hata hivyo, besiboli imekwisha kuota mizizi katika eneo letu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League kule Pennsylvania. Hapa Dar es Salaam, Shule ya Sekondari Azania ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mchezo unapokua, vifaa vyake huufuata: vingine vipya, vingine vya mtumba, vingine huagizwa kwa simu kutoka ng'ambo. Hapo ndipo wajibu wetu wa kumlinda mlaji unapoanza.

Tuseme mapema jambo tunalotaka kila mmoja aondoke nalo. Mrushaji aliye binadamu humtazama mpigaji kabla ya kuachia mpira. Mtoto akiinama kufunga kamba za viatu, mrushaji husubiri. Mdogo wake akikatiza mbele, mrushaji hushusha mkono. Mashine haitazami wala haisubiri. Kwa hiyo busara yote ambayo mashine haina haina budi kutoka kwa mtu mzima anayeisimamia. Akikosekana mtu huyo, mashine isiwashwe.

Hofu hii si ngeni. Mwaka 1897, Charles Hinton, aliyekuwa akifundisha hisabati katika Chuo cha Princeton, alibuni mashine ya kuwarushia mipira wachezaji wa chuo hicho. Mashine ile ilisukuma mpira kwa baruti, mfano wa bunduki. Mashine za leo hutumia nguvu za kiungwana zaidi: mkono wa chuma unaovutwa na springi, au gurudumu moja au mawili yanayozungushwa na mota na kuubana mpira hadi unachomoka. Baruti imeondoka, lakini desturi ya kuheshimu kinachotoka katika mdomo wa mashine haina budi kubaki.

Hatusemi kwamba mashine haina faida. Kupiga mpira ni ustadi unaotaka kurudiarudia, na bega la binadamu lina ukomo. Kanuni za Little League zinamruhusu mrushaji wa miaka 11 au 12 kurusha mipira isiyozidi 85 kwa siku, na wa miaka 9 au 10 mipira 75, ili viungo vinavyokua visiumie. Mashine hupumzisha mabega hayo, pamoja na bega la mzazi aliyetoka kazini amechoka. Faida ni ya kweli. Tunachotaka ni isinunuliwe kwa gharama ya mtoto.

Hatari nayo ni ya kweli. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilichapisha mwaka 1996 matokeo ya uchunguzi wake kuhusu besiboli ya watoto. Ilikuwa imekusanya taarifa za vifo 88 vya watoto wa miaka 5 hadi 14 vilivyotokea kati ya mwaka 1973 na 1995. Vifo 68 kati ya hivyo vilisababishwa na kugongwa na mpira, na katika hivyo 68, vifo 38 vilitokana na mpira kupiga kifua. Watoto hao hawakupigwa na mashine peke yake. Taarifa zile zilihusu mchezo kwa ujumla. Lakini zinatufundisha kwamba mpira wenye uzito wa gramu 142 hadi 149 tu unaweza kuua, na kwamba kichwa si mahali pekee pa kulindwa. Mpira unaogonga kifua juu ya moyo, katika sehemu ndogo sana ya pigo la moyo, unaweza kuvuruga mwendo wake na kuusimamisha, hata kama mbavu hazikuvunjika na moyo wenyewe ulikuwa mzima.

Sasa tuingie katika jambo linalowapotosha wanunuzi wengi: namba iliyo kwenye kitufe cha mwendo. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huonyesha mwendo kwa maili kwa saa. Mzazi aliyezoea kilometa akiona 60, hudhani ni mwendo wa gari linalopita mtaani taratibu. Maili 60 ni karibu kilometa 97. Namba ni ileile. Mpira sio uleule.

Hata namba ikisomwa sawasawa, peke yake haitoshi, kwa sababu mtoto hapambani na mwendo tu bali pia na muda. Katika uwanja wa Little League, mrushaji husimama futi 46 kutoka kwa mpigaji, yaani takribani meta 14. Ua wa nyumba zetu wengi wenu mnaujua: meta 9 zikipatikana, tunashukuru. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mpira wa kilometa 64 kwa saa ukitoka meta 9, humfikia mtoto kwa nusu sekunde hivi. Huo ni muda uleule ambao angepewa na mpira wa kilometa 100 kwa saa uliotoka meta 14. Mzazi anaamini amemwekea mwanawe mwendo wa mtoto, kumbe ufupi wa ua umemgeuzia kuwa mwendo wa mtu mkubwa. Na yule aliyechanganya maili na kilometa, akaweka 60 kwa umbali wa meta 9, amempa mtoto theluthi moja ya sekunde. Katika muda huo mtoto hawezi kuamua kama apige au akwepe.

Ushauri wetu ni huu. Pimeni umbali kwa futi, msiukadirie kwa macho. Anzeni na mwendo wa chini kabisa ambao mashine inaruhusu. Ongezeni pale tu mtoto anapoipiga mipira mingi kwa utulivu, bila kufumba macho wala kurudi nyuma. Kumbukeni pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Kama ua ni mfupi mno, tumieni mipira myepesi ya plastiki na mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake, au mwekeeni mtoto mpira juu ya kigingi aupige ukiwa umetulia. Kigingi hakitaki umeme, ni cha bei nafuu, na hata wachezaji wa kulipwa hukitumia.

Jambo la tatu ni umeme. Mashine ya soko la Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Adapta inayobadilisha umbo la plagi haibadilishi volti. Kifaa kisicho na uwezo wa kuhimili volti zetu kinaweza kuvuta nguvu inayokaribia mara nne ya ile kiliyopangiwa, na mota ikaungua au ikazunguka kwa kasi isiyotarajiwa mtoto akiwa amesimama mbele yake. Someni kibandiko cha mashine kabla ya kulipa. Kama kimeandikwa volti 120 peke yake, mtahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati za mashine, nayo ni gharama ya kuhesabiwa katika bei. Waya wa kurefusha umeme uwe wa matumizi ya nje, usipite njia ya mtoto, na soketi iwe na kinga inayokata umeme wenyewe pale unapovuja. Ardhi ikiwa na maji ya mvua, zoezi liahirishwe.

Mipira nayo ina neno lake. Mashine za magurudumu hufanya kazi vizuri zaidi na mipira maalumu yenye vishimo na isiyo na nyuzi zilizochomoza. Mipira mipya ikichanganywa na iliyochakaa, au mikavu na iliyolowa, mmoja utapita kiunoni na unaofuata utamlenga mtoto usoni, ingawa hakuna aliyegusa kitufe. Tengeni mipira ya aina moja na hali moja. Kisha, kila siku ya zoezi, pitisheni mipira kumi hivi bila mtu yeyote kusimama mahali pa kupigia. Ikienda ovyo, rekebisheni kwanza.

Kuhusu mavazi ya kinga, mpigaji asisimame mbele ya mashine bila helmeti ya besiboli yenye vikinga vya masikio, na ikiwezekana kikinga cha uso. Tume ile ya Marekani ilieleza katika taarifa yake kwamba vikinga vya uso na mipira laini kuliko ile ya kawaida vinaweza kupunguza majeraha. Tafuteni chapa ya NOCSAE, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya vifaa vya kinga michezoni. Taasisi hiyo ina kiwango pia cha vikinga vya kifua vilivyokusudiwa kulinda moyo. Kikinga kisicho na chapa hiyo msikihesabu kuwa kinga ya moyo, hata kiwe kinene. Helmeti ya pikipiki haifai, na helmeti yenye ufa haitengenezwi kwa gundi.

Utaratibu wa zoezi uwe mmoja, usiobadilika kwa sababu ya haraka. Mtu mzima mmoja ndiye anayeilisha mashine, naye akae nyuma ya wavu wa kinga, kwa kuwa mpira uliopigwa hurudi kwake kwa kasi kubwa. Kabla ya kila mpira, auinue juu mpigaji auone, na asubiri mpigaji akae tayari. Neno moja lichaguliwe, kwa mfano "Simama!", ambalo likitamkwa na yeyote, hata mtoto mdogo kuliko wote, zoezi husimama papo hapo. Gongo lishikwe na mpigaji peke yake. Wengine wote wakae nje ya wavu, na wavu uning'inie mbali na ukuta na watu, kwa sababu wavu uliokazwa na kuegemewa haumkingi anayeuegemea.

Mpira ukikwama, zimeni mashine, chomoeni plagi, kisha subirini. Gurudumu huendelea kuzunguka baada ya umeme kukatwa, na kidole hakishindani nalo. Kanga, mtandio, mikono mirefu ya shati na nywele zilizoachiliwa zisikaribie magurudumu. Mashine ya springi ina hila yake: inaweza kubaki imevutwa ingawa inaonekana imelala, basi iachilieni kwa namna iliyoelezwa na mtengenezaji kabla ya kuigusa. Zoezi likiisha, plagi ifungiwe kabatini, isiachwe mikononi mwa mtoto atakayetaka kuwaonyesha rafiki zake.

Ikitokea mtoto amepigwa kifuani akaanguka na kuzimia, msimpepee na kungoja azinduke. Kama haitiki wala hapumui sawasawa, mmoja aite msaada na kutafuta usafiri, na mwingine aanze mara moja kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike. Kama kuna mashine ya kushtua moyo karibu, iletwe. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa. Kila familia au klabu inayomiliki mashine hii iwe na angalau mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza.

Mwisho, haki zenu kama walaji. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Muuzaji akisema mashine inafaa umeme wetu, au inafaa mtoto wa miaka minane, mwambieni aandike hivyo kwenye risiti. Dai la mdomo ni gumu kulithibitisha. La maandishi hujitetea lenyewe. Ombeni mashine iwashwe mbele yenu kwa dakika kadhaa. Ulizeni tairi na mota za akiba zinapatikana wapi, na nani atakayelipa usafiri iwapo mashine itarudishwa. Kwa mashine ya mtumba, tazameni kama kifuniko cha magurudumu kipo. Kikikosekana, iacheni hata kama bei inavutia. Kataeni pia mashine isiyo na kitabu cha maelekezo. Kama mtu mmoja hawezi gharama hizi zote, wazazi wachangie mashine moja ikae shuleni au klabuni, penye nafasi ya kutosha na mwalimu wa kuisimamia. Rahisi imeponza wengi, na katika kifaa hiki anayeponzeka si mnunuzi.

Tunarudia neno letu: someni kibandiko, pimeni umbali, kageni mipira, mvalisheni mtoto kinga, na asikosekane mtu mzima mwenye macho pale ambapo mashine haina macho. Mtoto anayejifunza kupiga bila hofu atajifunza haraka zaidi kuliko anayekwepa kila mpira. Mwenye swali au malalamiko kuhusu bidhaa aliyouziwa, milango yetu iko wazi. Aje na risiti yake.