Mfalme Aliyeandika Sheria kwa Lugha ya Watu Wake

Mzee mmoja jirani yangu aliwahi kuniletea hukumu ya kesi ya shamba lake. Kwamba ameshindwa alikwishajua. Sababu ndizo hakuzijua, kwa kuwa karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Nilipomaliza kumsomea, akaniuliza: "Hivi mwanangu, Waingereza nao husomewa sheria zao kwa lugha ya watu wengine?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninamjibu kwa habari za Ethelbert, mfalme wa Kent.

Ethelbert alitawala mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7. Uingereza moja haikuwapo bado. Palikuwa na falme ndogo ndogo za makabila yaliyovuka bahari kutoka pande za Ujerumani na Denmark. Mfalme huyu alifuata miungu ya wazee wake, lakini mkewe, Bertha, binti wa mfalme wa Wafranki aliyetawala Paris, alikuwa Mkristo, naye alikuja na askofu wake.

Mwaka 597 wakafika wamisionari wa Papa Gregori wa Kwanza, wakiongozwa na Augustine. Mfalme aliwapokea nje, peupe, maana aliogopa kurogwa akiwa nao ndani ya nyumba. Akawasikiliza, akasema maneno yao ni mazuri ila ni mapya, na hawezi kuyatupa ya wazee wake kwa siku moja. Hata hivyo aliwapa makazi Canterbury na chakula. Baadaye alibatizwa, wala hakumlazimisha mtu kumfuata.

Wageni wale hawakuleta dini tu, walileta na kalamu. Kalamu yenyewe ilizoea Kilatini. Hata Wafranki, wakwe zake, sheria zao waliziandika kwa Kilatini. Ethelbert alizipokea herufi za wageni, lakini akataka sheria za Kent ziandikwe kwa Kiingereza, lugha ya wakulima na wavuvi wake. Ni vifungu 90 hivi, na ndiyo sheria ya kale kuliko zote zilizobaki katika lugha hiyo.

Nyingi ni za fidia. Anayemkata mwenzake kidole gumba alipe shilingi 20; kidole cha mwisho shilingi 11; jicho shilingi 50. Ndiyo, msikilizaji, shilingi: neno hilihili tulilo nalo mifukoni limetoka huko. Aliyeua alipe diya, na shilingi 20 za kwanza azitoe kaburi likiwa bado wazi. Maana yake ni kuwazuia ndugu wa marehemu wasishike silaha. Sisemi zilikuwa sheria za usawa. Thamani ya mtu ilipimwa kwa cheo chake, na watumwa walikuwa chini kabisa. Lakini hata mnyonge aliyesomewa alielewa anadai nini na anadaiwa nini.

Ethelbert alifariki mwaka 616. Mwanawe, Eadbald, alikataa kwanza dini ya baba yake, akamwoa na mjane wa baba yake. Kanisa likatikisika. Sheria zilibaki: mtawa Bede, aliyemaliza historia yake mwaka 731, ameandika kwamba bado zilifuatwa.

Sasa, mzee wangu, jibu lako. Ndiyo, Waingereza nao yaliwapata. Baada ya Wanormani kuwatawala mwaka 1066, Kilatini kilishika maandishi ya serikali, na baadaye Kifaransa kikatawala mahakamani. Mwaka 1362 ilibidi itungwe sheria kuagiza kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa yanayosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Malalamiko yao ndiyo yako.

Kwetu Tanzania, mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wapo wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Ninawaomba wamkumbuke Ethelbert. Kiingereza chake hakikuwa na kamusi wala kitabu cha sheria cha kuigia. Kilikuwa na mfalme aliyeamini kwamba lugha inayotosha kugombania shamba inatosha pia kuliamulia.